Mtani Alipoandika

Madam Mwanahawa alizikwa Jumamosi mchana, mlima ukiwa umejifunika mawingu kama kawaida yake ya Machi. Alikuwa mwalimu wetu wa uandishi katika chuo cha ualimu, na kati ya wanafunzi wa mwaka wetu tulifika wachache. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake Bigwa, Morogoro, kwenye jamvi chini ya turubai, tukisubiri wali. Binti yake, anayefanya kazi benki na ambaye hatukuwahi kumwona chuoni, alikuja kutushukuru, kisha akauliza jambo ambalo naona lilikuwa likimsumbua siku nyingi: "Hivi mama alikuwa anawafundisha nini hasa nyie? Maana kuna mwaka alikuwa anarudi nyumbani anacheka peke yake, halafu siku moja akarudi analia." Tukatazamana. Zuhura, ambaye tangu nimjue hajawahi kushindwa kujibu swali, akasema, "Blogu," na sote tukacheka, msibani, mpaka mama mmoja akageuka kututazama. Binti hakuelewa, nasi hatukumweleza, kwa sababu wali ulikuwa umefika na habari yenyewe haielezeki mkono ukiwa kwenye sinia. Naieleza hapa.

Simu za kugusa zilikuwa bado za wenye nafasi, na neno blogu lilisikika masikioni mwetu kama jina la ugonjwa wa kuku. Madam aliingia darasani wiki ya kwanza ya muhula, akaweka mkoba mezani, akasema hatasahihisha insha zetu tena. Tulishangilia. Akangoja tumalize, kisha akasema kila mmoja wetu atafungua blogu yake, ataandika andiko moja kila wiki, na atatoa maoni chini ya maandiko ya wenzake wawili. "Miaka yote insha zenu nimezisoma peke yangu," alisema. "Mnaandika hovyo kwa sababu mnajua mimi nalipwa kusoma. Sasa mtamwandikia mtu asiyelipwa. Akichoka anaondoka zake." Mtu mmoja nyuma akauliza kama maoni nayo yana maksi. Madam akasema yana maksi kuliko andiko. Wiki ya kwanza tukajaza kurasa za wenzetu kwa "Hongera sana" na "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo", naye akatupa sifuri darasa zima. Akasema tukitaka kupongezana ataandaa mahafali.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya magodoro, na harufu ya magodoro haikuwahi kuhama. Viatu tulivua mlangoni kwa amri ya fundi wa chuo, aliyeamini kwamba vumbi la Morogoro lina chuki binafsi na mashine zake, kwa hiyo fasihi yetu yote ya mwaka ule tuliiandika miguu mitupu, vidole vikiwa juu ya sakafu baridi. Umeme ulipokatika, vile visanduku vya kuhifadhi chaji vilianza kulia vyote kwa pamoja, na darasa zima lilipiga kelele "Sevu! Sevu!" kama watu wanaokimbiza mwizi. Mashine zilikuwa chache, tulikaa wawili wawili, na mwenzako aliyekuwa akisubiri zamu alisoma kila ulichoandika kabla hujakimaliza na kukucheka kabla hujakiweka hewani. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi sasa, nimehudhuria semina za uandishi zenye chakula cha hoteli, na sijaona njia bora ya kumwondolea mtu maneno ya kujisifu kuliko kuandika huku mtu anakupumulia sikioni.

Mimi na Zuhura tulipanga chumba Mafiga, kwa Mama Chausiku, nyumba ya vyumba vingi isiyo na dari. Kuta ziliishia usawa wa boriti, na juu ya hapo maneno yalikuwa mali ya wote. Tulijua nani amegombana na mumewe, nani kapata kazi, nani anakohoa. Tulipika ugali na mchicha, au ugali na dagaa, na mwisho wa mwezi ugali na historia ya mchicha, kama alivyoita Zuhura chumvi na kitunguu. Alikuwa mtoto wa mjini, Mluguru wa Kiislamu ambaye mlima aliujua kwa kuutazama tu, na alinidhihaki kwa kuleta njegere na karoti kutoka kwetu Mgeta kila nilipotoka likizo, kisha alizila yeye zaidi yangu. Blogu yake ilihusu mazungumzo ya nyumba ile. Aliandika tuliyoyasikia juu ya ukuta, akabadilisha majina, na kwa muda fulani nusu ya chuo ilikuwa ikifuatilia ndoa ya jirani yetu fundi cherehani, mwenyewe hana habari. Yangu niliipa jina Shamba la Juu, nikaandika kuhusu kilimo cha mteremkoni, baridi ya Juni, na bibi yangu Magdalena aliyevaa mabuti ya mvua hata kanisani.

Hapo ndipo alipojitokeza Maganga. Alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, Tabora, mkubwa kuliko sisi kwa umri, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikuwa ndiye mwandishi wetu bora na sote tulijua, naye alijua, lakini hakutusumbua kwa hilo. Chini ya andiko langu la kwanza la maana, lile la kulima mteremkoni, aliandika: "Nyinyi Waluguru mnalima ukutani. Kwenu mtu akiteleza shambani kwake anakutwa jikoni kwa jirani, amekaa, anadai chakula." Nikamjibu palepale kwamba sisi angalau tuna mahali pa kuanguka, wao babu zao walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wakarudi mikono mitupu, na mabega yakabaki yamelala mpaka leo. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hilo halihitaji kuelezwa, lakini kabla ya hapo sikuwahi kuliona kwenye kioo cha kompyuta. Wanafunzi wa madarasa mengine walikuja kusoma. Madam alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatukalisha na kutuambia jambo ambalo naliona zito zaidi leo kuliko siku ile. Alisema: "Mnapotaniana hapa ukumbini kila mmoja anamwona mwenzake usoni. Kule mnaweka maneno peke yake. Hakikisheni yanaweza kusimama bila nyinyi." Maganga akajibu kwamba maneno yake yamezaliwa Unyamwezi, yamezoea kutembea mbali.

Likizo fupi ya mwisho wa mwaka hakurudi kwao, safari ilikuwa ndefu mno kwa siku zile chache, nikamleta nyumbani Mgeta. Bibi alipoambiwa amekuja mtani alitoka jikoni na mwiko. "Shikamoo bibi," akasema Maganga. "Marahaba. Umekuja kubeba mizigo?" akauliza Bibi, na wakaanza, na hawakunyamaza mpaka siku alipoondoka. Alimpikia njegere na viazi, akamwambia ahesabu punje maana ataulizwa. Maganga akazihesabu kwa sauti, moja moja, akamdai mbili zilizopungua. Jioni, tukiwa tumezunguka moto, nilimsikia Bibi akimwambia jirani kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya kunong'ona, "Yule wa Tabora hana adabu hata kidogo. Mtoto mzuri kweli." Siku ya kuondoka alimfungashia kabichi tatu, kisha akachukua moja akairudisha ndani, akisema hiyo ataifuata akija kumzika.

Bibi alikufa masika yaliyofuata. Simu iliingia asubuhi nikiwa njiani kwenda chuoni, na kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya niliendelea kutembea hadi nikafika, nikavua viatu, nikakaa kwenye mashine. Niliandika sentensi tatu: Bibi amefariki asubuhi. Naenda nyumbani. Wiki hii sitaandika. Kisha Zuhura akanisindikiza stendi kupanda gari la Mgeta, na wakati tunasubiri lijae akafungua blogu yangu kwenye simu yake ndogo ya vitufe, akidhani zile pole za wenzetu zitanitia nguvu. Zilikuwepo nyingi, pole sana, Mungu amlaze mahali pema, pole dada. Chini yao kulikuwa na maneno ya Maganga. "Afadhali ameenda," aliandika. "Bibi mchoyo yule. Alinipa njegere kwa kuhesabu, akanidhulumu mbili, na kabichi yangu moja ameondoka nayo. Nawahurumia malaika, leo wataambiwa wachote maji. Msifukie kaburi mpaka nifike, nina madai."

Niliyaelewa yote. Nilijua punje zile mbili, nilijua kabichi, nilijua kwamba hakuna mtu chuo kizima aliyempenda Bibi kuliko yeye. Na bado yaliniuma. Pale stendi, kondakta anaita abiria, muuza mayai ananisukumia mayai dirishani, nikayaona yale maneno "afadhali ameenda" kwenye kioo kidogo, hayana sauti ya mtu, hayana mabega yanayotikisika. Nililia tangu Mzumbe hadi barabara ilipoanza kupanda. Sikumlilia Bibi peke yake.

Mazishi yalisubiri watu wa Dar es Salaam. Mvua ilinyesha kila alasiri, uwanja ukawa tope, wanawake walikaa ndani wakiwa wamekaukwa sauti na wanaume nje chini ya maturubai wakiongea bei ya viazi. Mjomba Pius, kaka wa mama yangu, ambaye kwa mila yetu ndiye mwenye neno katika ukoo, alikuwa na uso uliofungwa tangu siku ya kwanza. Mama yake ndiye alikuwa amekufa na hakuwa ametoa chozi. Siku ya kuzika, padri akiwa bado hajafika, tukasikia kelele njiani. Maganga alikuwa anapanda kilima, amelowa, suruali imejaa tope mpaka magotini, anapiga mayowe kwamba ameibiwa. Hakumsalimia mtu. Akaingia ndani, akapita katikati ya wanawake, akachukua mabuti ya Bibi na sweta lake lililokuwa limetundikwa msumarini, akavaa, mabuti yakamkataa kisigino, akatoka hivyohivyo akitembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja kiunoni, akifukuza mbuzi wasiokuwepo na kuwauliza wanaume wote mmoja mmoja kama nyumbani kwao hakuna kazi. Ulikuwa mwendo wa Bibi. Ilikuwa sauti yake, mpaka kile kikohozi kifupi kabla ya kutukana. Mama mdogo akaanza kucheka, kicheko kikamshika na mwenzake, kikaenea, na watani wetu wengine wa ukoo, waliokuwa wamekaa kimya kwa sababu ya baridi, wakaona aibu wakaamka nao. Jeneza lilipotoka Maganga alilala chini mbele yake kwenye tope, akasema hapiti mtu mpaka alipwe kabichi yake. Mjomba Pius akaenda shambani mwenyewe, akaikata, akarudi nayo, akamtupia kifuani. Kisha akakaa chini palepale njiani, kwenye tope, akalia kama mtoto, na watu wakamwacha alie mpaka amalize.

Nilicheka siku ile mpaka mbavu ziliniuma, na nililia, na nikapona. Kama mtu hajawahi kuzikiwa na mtani, sijui nimwelezeje. Msiba unakuwa na mlango.

Jioni tulikaa jikoni kwa Bibi, mimi namenya magimbi, Maganga anakausha soksi juu ya moto. Nikamwambia, bila utani, "Yale uliyoandika kwenye blogu yaliniuma." Mabega yakatulia. "Kweli?" "Kweli. Nililia kwenye gari." Akageuza soksi upande wa pili. "Basi sikuyaandika vizuri," akasema. "Niliyasikia kwa sauti yangu wakati naandika. Nikadhani na wewe utayasikia hivyo." Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Leo asubuhi nilikuwa naitwa kwa mlezi wa wanafunzi. Kamati ya nidhamu." Nikamwuliza kwa ajili ya nini. "Kwa hayohayo. Kuna mtu wa Dar ameyachukua, ameyaweka Facebook, watu wanatukana chuo. Walimu gani hawa wanafurahia kifo." Gimbi likanitoka mkononi. "Na umekuja huku?" "Ulitaka nani aje?" akasema. "Bibi aliniita. Mlezi atakuwepo hata Jumatatu."

Asiyekuwepo na lake halipo. Kutokwenda kwake kuliongezwa kwenye mashtaka kama dharau. Niliporudi mjini nilikuta habari imeenea: ikithibitika, atasimamishwa, hatakwenda mazoezi ya kufundisha na wenzake, atarudia mwaka. Kwa wengine wetu mwaka ulikuwa mwaka tu. Kwa Maganga nyuma yake kulikuwa na mdogo wake wa kike, Shija, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani Sikonge akisubiri kaka amalize ndipo aanze yeye, kwa kuwa nyumba ile haikuweza kusomesha wawili. Alikuwa ametuonyesha picha yake. Alitaka kuwa muuguzi. Kamati ikasema itaniita mimi, mwenye msiba, na kila mtu chuoni akaelewa kwamba jambo limebaki mdomoni mwangu.

"Sema haikukuuma, basi," aliniambia Zuhura tukila chumbani. "Neno moja. Kuna gharama gani?" Kutoka juu ya ukuta Mama Chausiku akaitikia, ingawa hakuulizwa, "Mtani hakasiriki, mwanangu. Mwambie hivyohivyo." Na fundi cherehani, upande wa pili, akasema yeye angekuwa ndiye kafiwa angemshtaki polisi, na mkewe akamwambia anyamaze hakuna aliyemuuliza. Ugali ulinishinda. Kesho yake nilimfuata Madam kwenye chumba cha kompyuta. Alikuwa peke yake, viatu vyake vidogo mlangoni. Nilimwuliza niseme nini. Akasema, "Mwaka mzima nimekufundisha kuandika ulichokiona, si kinachopendeza. Siwezi leo nikakwambia useme usichokiona." Nikadhani amemaliza. Akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Na siwezi kukwambia useme. Usiniulize tena, tafadhali."

Ofisi ya mlezi ilikuwa na kabati la vikombe vya michezo na feni isiyofanya kazi. Mwalimu Urio, mlezi, alikaa katikati, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, kisa kingekuwa chepesi. Pembeni yake alikaa mwalimu wa hesabu akiandika kumbukumbu za kikao. Madam alikaa karibu na dirisha. Maganga alisimama. "Skola, pole tena na msiba," akaanza Mwalimu Urio. "Ahsante, mwalimu." "Huyu ni nani kwako?" "Mtani wangu." Akaitikia kwa kichwa. "Utani naujua. Baba yangu alizikwa watani wamelala kaburini, tukawapa jogoo ndipo wakatoka. Sina ugomvi na utani. Lakini utani una uwanja wake, na uwanjani kila mtu anajua nani ni nani. Kule kwenye mtandao yupo mtu wa Mwanza, yupo mtu wa Mtwara, anaona mwalimu wa kesho anashangilia kifo cha kikongwe. Nimwambie nini?" Nikasema amwambie ni utani. "Nimewaambia. Wananiuliza, mwenye msiba alicheka?"

Mwalimu Urio akainama mbele kidogo. "Sasa nikikuuliza kama ulikasirika, utasema hapana, kwa sababu mtani hana ruhusa ya kukasirika. Jibu hilo halinisaidii mimi wala halimsaidii huyu kijana. Kwa hiyo sikuulizi kama mtani wake. Nakuuliza kama msomaji. Siku ile uliposoma, iliuma au haikuuma?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko maswali ya mtihani wowote. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo Madam angeweza kuliuliza darasani. Nilimtazama, naye akawa anatazama vidole vyake vilivyokuwa na hina. Nilimtazama Maganga, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana uso wa kutania wala wa kuomba; alikuwa ananisikiliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Yeye alikwisha kulijua jibu, nilimpa mwenyewe jikoni kwa Bibi. Nikaona kwamba nikisema haikuuma, atajua nimedanganya kwa ajili yake, na neno lake lile la kwamba hakuyaandika vizuri, neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia, nitakuwa nimelitupa. Hayo niliyawaza. Au nimeyawaza baadaye, sina hakika tena.

"Iliuma," nikasema. Mwalimu wa hesabu akaandika. "Lakini mwalimu, alipokuja Mgeta, siku ya kuzika..." "Hilo la Mgeta tumeshalisikia kutoka kwake," akasema Mwalimu Urio. "Hamjalisikia kutoka kwangu." "Skola. Shauri hili ni la kilichoandikwa." Nikaendelea, nikasema kuhusu mabuti, nikasema Mjomba alikuwa hajalia tangu siku ya kwanza, nikasema nilipona, na nilikuwa naongea haraka na vibaya, bila mpangilio, mimi niliyekuwa nafundishwa mpangilio. Waliniacha nimalize, kwa heshima. Lakini kalamu ilikuwa imefunikwa.

Walimsimamisha mpaka mwaka uliofuata. Blogu hazikufungwa, ila chuo kiliagiza maoni yote yafutwe na yasiruhusiwe tena, na kwa kuwa Madam ndiye aliyekuwa na nywila zetu alifuta mwenyewe, moja moja, alasiri nzima, miguu mitupu pale sakafuni. Nadhani hiyo ndiyo siku aliyorudi nyumbani analia. Niliifungua Shamba la Juu wiki hii baada ya mazishi yake. Bado ipo, maandiko yangu yamesimama peke yake na ni makavu kuliko nilivyoyakumbuka. Maganga alirudi, akamaliza mwaka mmoja nyuma yetu, na leo ni mkuu wa shule huko Urambo. Hunipigia simu sikukuu zote, zake na zangu, akiuliza kama bado hatujaporomoka. Shija hakungoja. Aliolewa mwaka uleule, kabla kaka yake hajarudi chuoni, na habari hiyo niliisikia kwa mtu mwingine. Maganga mwenyewe hajawahi kuitaja.

Siku ya uamuzi nilimngoja Maganga nje, kwenye ngazi. Alitoka na bahasha, akaiona sura yangu, akaanza. "Waluguru bwana! Nimepanda mlima wenu kwa miguu, nimelala kwenye tope lenu, malipo yangu ndiyo haya. Bibi yako angalau alininyima kabichi tu." Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Maganga, acha. Umenikasirikia?" "Mimi?" akasema. "Nikukasirikie wewe? Hilo swali kamwulize Mnyamwezi mwingine, mimi sina hilo." Nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, ningemwomba radhi, angekataa au angekubali, na mahali fulani tungefika. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu, nikitafuta, naye akaniacha nitafute, anacheka tu, na mwisho na mimi nikacheka naye, maana mtani wako akicheka huna lingine la kufanya.